Diski Mbili Kwenye Rafu Moja

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 27 Mei 2021, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, alipotangaza kwamba wakazi wa mitaa kumi ya Goma waondoke mara moja, nilikuwa na begi moja tu lililokuwa tayari. Siku tano kabla ya hapo, Jumamosi jioni, volkano ya Nyiragongo ilikuwa imepasuka, lava ikateremka hadi Buhene na kusimama karibu na uwanja wa ndege, na tangu usiku ule ardhi ilikuwa ikitetemeka bila kupumzika, nyufa zikifunguka barabarani na kwenye kuta za nyumba. Ndani ya begi lile nilikuwa nimeweka kamera, lenzi mbili, kompyuta mpakato, hati za familia, na kopo la poda ambamo hukaa kadi zangu za kumbukumbu. Mke wangu alimfunga mtoto mgongoni, tukaingia katika mkondo wa watu waliokuwa wakielekea Sake kwa miguu, kwa pikipiki na nyuma ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizorundikwa magodoro. Tulikuwa tumekwisha kupita Mugunga nilipokumbuka kwamba diski zangu mbili za nje, ile ya kazi na ile ya nakala, zilikuwa zimelala ubavu kwa ubavu kwenye rafu ya sebuleni, juu ya televisheni.

Hatukurudi nyuma. Usiku huo, Sake, nililala barazani mwa kanisa nikihesabu kichwani ni harusi zipi zilizokuwa ndani ya diski zile. Mwezi Juni tuliporejea, nyumba ilikuwa imesimama, na rafu haikuwa imedondosha hata kikombe. Lakini tangu siku ile nahesabu kwa namna nyingine: diski mbili zilizo kwenye rafu moja, mimi huzihesabu kuwa moja.

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, za mahari na za ubatizo, na vijana wanaoanza kazi hii hunijia na swali lile lile: «Yaya», yaani kaka, «ninunue kadi gani?» Wanatarajia nitaje jina la kampuni na bei. Mimi huanza kuwasimulia habari ya rafu, nao hudhani kwamba ninalikwepa swali. Sijui namna nyingine ya kulijibu. Kadi ni chombo cha kuchukulia picha kutoka kanisani hadi nyumbani, kama kapu linalochukua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka soko la Kituku hadi jikoni, na mwenye akili haulizi uzuri wa kapu kabla ya kujua samaki wenyewe watawekwa wapi.

Hata hivyo makapu yaliyotoboka yapo, na mimi nimewahi kubeba moja.

Ilikuwa miaka michache kabla ya mlipuko huo. Nilinunua kadi ya gigabaiti 64 kwa dola 8, kwa mchuuzi mmoja wa vifaa vya simu upande wa Birere, ikiwa bado ndani ya kifungashio chake cha plastiki. Nilipoiingiza kwenye kamera, ikaonyesha nafasi ya maelfu ya picha. Jumamosi iliyofuata nikaitumia harusini tangu asubuhi: kwenye komini, yaani ofisi ya serikali ya kufungishia ndoa, kanisani, kando ya ziwa, kisha ukumbini hadi usiku. Kila nilipobonyeza, picha ilitokea kwenye kioo cha nyuma ikiwa safi, nami nikaendelea. Baadaye sana ndipo nilipojifunza kwamba picha inayotokea papo hapo baada ya kubonyeza hutoka katika kumbukumbu ya muda ya kamera yenyewe na haijasomwa kutoka kwenye kadi, kwa hiyo haithibitishi kwamba chochote kimehifadhiwa.

Usiku, nyumbani, nikafungua folda. Picha mia saba na kitu za mwanzo zilikuwa nzima. Iliyofuata ilikuwa na nusu ya juu peke yake: vichwa vya wasimamizi, kilemba cha shangazi, ukingo wa shada la maua, na chini yake rangi ya kijivu tupu hadi mwisho. Baada ya hiyo hakuna hata moja iliyofunguka, ingawa kila moja ilikuwa na jina, saa na ukubwa wake kama kawaida. Kadi ile ilikuwa ya gigabaiti 8. Kidhibiti chake, yaani kile kichipu kidogo kinachozungumza na kamera, kilikuwa kimechezewa ili kitangaze 64, na kila kilicholetwa baada ya kikomo cha kweli kilipokelewa kwa adabu na kutupwa.

Zilizopotea zilikuwa za ukumbini. Miongoni mwake zilikuwamo za nyanya wa bibi arusi, aliyeletwa kwa gari kutoka Rutshuru, ambaye aliinuka kitini bila fimbo yake na kucheza wimbo mmoja mzima akiwa ameshika ncha ya shela la mjukuu wake. Nilimwona kupitia lenzi kwa ukaribu kiasi kwamba hadi leo naweza kusema pete yake ilikuwa kwenye kidole gani. Jumatatu nilikwenda kwa mama wa bibi arusi nikiwa na nusu ya malipo mkononi. Alininyamazia kwa muda, akanivutia kiti, kisha akasema: «Mwanangu, wewe ulikuwapo. Basi tueleze alivyocheza.» Nikaeleza. Nyanya alifariki kabla ya mwaka kwisha.

Tangu wakati huo hakuna kadi inayoingia kwenye kamera yangu kabla ya kujazwa hadi pomoni na kusomwa tena. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, huandika mafaili ya majaribio hadi nafasi iishe, kisha huyasoma yote na kulinganisha kilichosomwa na kilichoandikwa. Kadi ya gigabaiti 64 inayoandika megabaiti 20 kwa sekunde huhitaji karibu dakika 53 kwa kuandika peke yake, na siku ambazo umeme hauaminiki mimi husubiri kwanza betri ya kompyuta ijae. Asiyezoea asishtuke akiona 59.6 badala ya 64, kwa maana mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali Windows hugawanya kwa 1,073,741,824. Hapo hakuna aliyeibiwa. Nilipomrudishia yule mchuuzi kadi yake, aliniambia kwamba naye hununua kwa jumla na hana njia ya kuzitofautisha. Nilimwamini. Maandishi ya kifungashio kile yalikuwa yamechapwa vizuri kuliko ya kadi zangu halali.

Kuhusu alama zilizo juu ya kadi nitasema machache, kwa sababu ndizo zinazowapotezea vijana fedha. Kadi ya SD ilitangazwa mwaka 1999 na SanDisk, Panasonic na Toshiba, na tangu hapo kila kizazi kimeongezewa herufi: SDHC huishia gigabaiti 32, SDXC huendelea kutoka hapo hadi terabaiti 2, na kamera ya zamani inayojua SDHC tu inaweza kuikataa SDXC hata kama imeingia vizuri kwenye tundu lake. Namba iliyoandikwa kwa wino mkubwa kuliko zote, 170 au 200, ni kasi ya juu kabisa ya kusoma, ambayo utaionja tu wakati wa kuhamishia picha kwenye kompyuta, tena ukiwa na kisomaji cha kadi kinachoiweza. Namba inayoihusu kamera ni ndogo na imejificha pembeni: U3 au V30 ni ahadi kwamba kadi haitashuka chini ya megabaiti 30 kwa sekunde inapoandika mfululizo, nayo imenitosha kwa harusi zote nilizowahi kupiga, video zikiwamo. Zile zenye safu mbili za vidole vya shaba mgongoni, yaani UHS-II, hufanya kazi hata kwenye kamera ya kawaida, lakini kwa mwendo wa kawaida. Anayezinunua kwa ajili ya kamera kama yangu amenunua viatu vya mbio avivalie kwenye makoro, yale mawe makali ya lava. Kama fedha za ziada zipo, ushauri wangu ni kuziweka akiba kwa ajili ya kamera yenye matundu mawili, inayoandika kila picha kwenye kadi mbili kwa pamoja. Laiti ningekuwa nayo Jumamosi ile, kadi ya dola 8 ingekuwa kichekesho tu cha kusimulia.

Jambo ambalo halichapwi popote juu ya kadi ni kwamba haikutengenezwa iwe ghala. Teknolojia ya flashi, iliyobuniwa na Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba katika miaka ya 1980, huhifadhi habari kwa kunasa elektroni ndani ya seli ndogo mno. Kila kuandika na kufuta huzichosha kuta za seli hizo, na elektroni zenyewe huvuja polepole kadi inapokaa miaka bila umeme, hasa penye joto. Namfahamu mwenzangu mmoja, fundi hodari kuliko mimi, ambaye kila baada ya harusi huifungia kadi katika bahasha, akaandika majina ya maharusi juu yake na kununua nyingine, kama tulivyokuwa tukihifadhi negativi. Bahasha zake zimepangwa vizuri sana. Nimemsihi mara nyingi anakili vilivyomo, naye hunijibu kwamba negativi za baba yake zina miaka arobaini na bado zinatoa picha. Ni kweli zinatoa, kwa sababu negativi hufifia mbele ya macho, nawe ukawahi kuichapisha. Kadi iliyochoka haitoi dalili, na siku ikikataa, mara nyingi hukataa kwa picha zote.

Utaratibu wangu wa usiku wa harusi ni wa kuchosha na siubadilishi. Kadi hutoka kwenye kamera na kuingia mfukoni mwangu, ili mwizi wa begi asipate vyote viwili. Nyumbani, hata kama ni saa nane za usiku, picha hunakiliwa kwenye kompyuta, kisha kutoka kwenye kadi ile ile zinanakiliwa tena kwenye diski ya nje; sinakili nakala, kwa sababu kosa la kwanza lingehamia katika la pili. Natumia programu inayolinganisha faili kwa faili baada ya kunakili, na bado nafungua picha kumi za mwanzo, kumi za katikati na kumi za mwisho kwa macho yangu. Kadi haifutwi mpaka nakala zote mbili zithibitike, na hufutwa ndani ya kamera yenyewe, siyo kwenye kompyuta. Anayefuta kwa bahati mbaya asipige tena hata picha moja juu ya kadi hiyo: kufuta huondoa anwani tu, picha yenyewe hubaki hadi nyingine iandikwe juu yake, na programu ya bure ya PhotoRec imeniokolea ubatizo mzima kwa njia hiyo. Tena asichomoe diski kabla ya kuiambia kompyuta iiachie, wala asinakili kwa umeme wa ukutani peke yake. Mfumo wa kupanga mafaili uitwao exFAT, unaotumika kwenye kadi kubwa na diski nyingi za nje hauna daftari la kukumbuka kazi iliyokatizwa katikati, na sisi wa Goma tunajua umeme unavyoweza kuondoka bila kuaga.

Yote hayo nilikuwa nikiyafanya hata kabla ya mwaka 2021, na ndiyo maana nilijiona mtu makini. Ile kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ya nakala tatu, juu ya vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine, nilikuwa nimeisoma na kuisifu. Tatu nilikuwa nazo nilipohesabu na kompyuta. Mbili pia. Ile moja ya mwisho niliiona kuwa ni jambo la watu wenye ofisi mbili. Katika mji uliojengwa chini ya Nyiragongo, juu ya lava ya jana na ya juzi, ile moja ndiyo yenye uzito kuliko nyingine zote, na ndiyo niliyoiacha.

Wapo wanaosema kwamba mahali pengine ni intaneti. Siikatai, lakini na tupige hesabu. Harusi moja kwangu ni picha kama 1,500 zisizobanwa, kila moja megabaiti 30, yaani gigabaiti 45. Kwa mtandao unaopandisha megabiti 2 kwa sekunde (biti nane ni baiti moja) bila kukatika, ambao ni mtandao wa mwenye bahati, kazi hiyo ni saa 50. Na Google, ambayo kwa miaka iliwaruhusu watu kupandisha picha zilizobanwa bila kikomo na bila malipo, ilifunga mlango huo tarehe 1 Juni 2021, wakati wengi wetu tulikuwa bado Sake, Minova au Gisenyi tukisubiri ruhusa ya kurudi. Kilichobaki bure ni gigabaiti 15, zinazogawanywa pamoja na barua pepe. Kwa hiyo ninachopandisha ni zile picha mia mbili au tatu zilizochaguliwa na kubanwa, ambazo familia ingezililia. Mafaili makubwa yenyewe husafiri kwa njia nyingine.

Njia hiyo niliifahamu tangu utotoni bila kujua kama ni njia. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipopita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani, nyumba ya wazazi wangu ilikuwa katika mkondo wake, na albamu ya harusi yao iliteketea pamoja na kabati. Picha zote tulizonazo leo za baba akiwa kijana, suruali ikiwa pana chini na mkono juu ya redio ya studio, zilitoka Bukavu, kwa shangazi. Zamani ukienda studio ulichapisha picha tatu au nne: yako, ya wakwe, ya ndugu aliye mbali; na nyuma yake ukaandika kwa kalamu, «Ukumbusho kwa dada yangu mpendwa», pamoja na tarehe. Wataalamu wa kompyuta wameliita jambo hili chelezo, neno ambalo wavuvi walilijua kwanza kama boya. Shangazi hakujua neno lolote kati ya hayo. Aliziweka tu kabatini, kati ya vitenge.

Diski yangu ya mahali pengine sasa inakaa katika kabati lile lile. Shangazi hayupo tena, na binti yake, ambaye kwangu ni dada, ndiye mwenye ufunguo. Nilifikiria Gisenyi, upande wa Rwanda, kwanza, kwa sababu ni hatua chache baada ya kituo cha mpakani cha Petite Barrière, lakini matetemeko ya Mei 2021 yalipasua kuta za huko pia. Mahali pengine panapotikisika pamoja nawe si mbali vya kutosha. Bukavu iko mwisho wa kusini wa ziwa. Nina diski mbili kwa kazi hiyo, nazo hupishana: moja iko kwa dada, nyingine hapa ikijazwa, na anapopatikana msafiri wa kuaminika zinabadilishana. Huizungushia kitenge, nikaitia ndani ya mifuko miwili ya plastiki kwa hofu ya maji ya botini, na vilivyomo vimefungwa kwa nywila, maana sura za watu na watoto wao si mali yangu ya kupoteza mikononi mwa msafiri. Kila baada ya miezi mitatu nampigia dada simu aichomeke kwenye kompyuta ya mwanawe na kufungua picha yoyote. «Nimefungua,» husema, «kuna mwanamke amevaa bluu anakula keki.» Hapo najua diski ni nzima.

Udhaifu wa mpango huu naujua: diski ya Bukavu huwa nyuma ya kazi yangu kwa wiki kadhaa, wakati mwingine kwa miezi njia zinapofungwa. Hilo ndilo pengo ambalo zile picha mia mbili za intaneti hulijaza.

Mwaka jana mama wa yule bibi arusi alinipigia simu. Mpwa wake alikuwa amefufua simu ya zamani iliyovunjika kioo, na ndani yake, kwenye kundi la WhatsApp la familia, ilikuwamo picha moja ya nyanya akicheza, iliyopigwa kutoka meza ya nyuma. Nilimwomba anitumie kama hati, isije ikabanwa mara ya pili. Ilikuwa na upana wa pikseli 1,600 kwa kimo cha 1,200, mkono mmoja umetikisika, na bega langu mwenyewe limeziba pembe ya kushoto. Kwa karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ukubwa huo unatosha. WhatsApp ilikuwa imekwisha kuondoa tarehe na saa ya kupigwa, kwa hiyo mama alikuja mwenyewe kunisomea yaliyopaswa kuandikwa nyuma: jina la nyanya, jina la mjukuu, siku ya harusi. Kalamu ya kawaida iliteleza juu ya karatasi ya picha; nikatafuta ya wino mzito. Tulichapisha nne, yake, ya bibi arusi aliyehamia Kisangani, ya ndugu wa Rutshuru, na moja aliyosema ni yangu, tukazilaza kifudifudi mezani na kungoja wino ukauke.